Meza ya Mwenye Mshahara Mdogo

Ukitaja mkahawa wa Kifaransa mbele ya watu wa mjini, aghalabu wengi hufikiri habari za matajiri: sahani kubwa yenye chakula kidogo, mhudumu aliyevaa tai anayekutazama kuanzia viatu hadi utosini, na bili inayoletwa imefunikwa ndani ya jalada kama barua ya msiba. Mikahawa ya namna hiyo ipo. Lakini katika mji wa Paris ipo mikahawa mingine ya mtaani, ambayo asili yake ni kumlisha mchukuzi wa mizigo, karani na fundi. Habari zake zinafaa kusimuliwa katika ukurasa huu wa jamaa, kwa kuwa zinahusu swali linalojulikana katika kila nyumba inayosubiri mwisho wa mwezi: je, mtu wa kipato cha kawaida aweza kuwatoa watu wake wakale nje, wakashiba, wakarudi nyumbani bila deni wala aibu?

SUPU YA MWUZA NYAMA

Tuanze na neno lenyewe. Neno wanalolitumia Wafaransa kwa mahali pa kula, "restaurant", hapo kale halikuwa jina la mahali. Katika karne ya 18 lilikuwa jina la supu ya nyama iliyochemshwa kwa saa nyingi, ambayo iliaminiwa kumrudishia nguvu mtu mgonjwa au aliyechoka. Nyumba zilizouza supu hiyo mjini Paris zikalirithi jina lake. Basi, ndugu msomaji, mwanzo wa mambo ulikuwa supu. Na yeyote aliyepata kunywa supu ya asubuhi kabla ya kuingia kazini hana haja ya kuelezwa zaidi.

Miaka ilipopita, mikahawa mingi mizuri ikawa ya wenye fedha. Ndipo mwaka 1855 akatokea mwuza nyama mmoja, jina lake Duval, aliyefungua mahali pa kula karibu na soko kuu la Paris lililoitwa Les Halles. Wateja wenye uwezo walikuwa wakinunua minofu laini, na vile vipande vigumu vikabaki. Duval hakuvitupa. Alivichemsha polepole mpaka vikalainika, akawauzia watu wa sokoni supu na nyama kwa bei ndogo. Mkahawa wake, na yote iliyofuata mfano wake, ikaitwa "bouillon", jina linalotamkwa karibu na "buyo", na maana yake ni supu ya nyama.

Hata hivyo, werevu wa Duval haukuishia jikoni. Mlaji alipoingia alipewa kadi iliyochapwa majina ya vyakula na bei ya kila kimoja. Alichokiagiza kilitiwa alama katika kadi ile, naye akalipa wakati wa kutoka. Hivyo mtu aliyekuwa na sarafu chache mfukoni aliweza kujipimia mwenyewe: supu na mkate tu, au supu, mkate na nyama. Hakuna aliyeshtukizwa.

Tena wahudumu wake walikuwa wanawake waliovaa aproni na kofia nyeupe. Mchoraji Renoir alimchora mmoja wao yapata mwaka 1875, na picha hiyo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York. Jambo hili lilikuwa na uzito wake. Katika zama zile mwanamke aliyeonekana akila peke yake mahali pa hadhara aliweza kusemwa vibaya. Lakini kwa Duval, kwa sababu ya usafi na utaratibu wake, mwanamke aliingia bila wasiwasi. Karani wa kike na mshoni wakapata mahali pa kupumzisha miguu na kula chakula cha moto.

Ilipofika mwaka 1900 mikahawa ya aina hiyo mjini Paris ilikaribia 250.

UKUMBI WA NDUGU WAWILI

Mmoja unaojulikana sana ni ule uliofunguliwa mwaka 1896 na ndugu wawili, Frédéric na Camille Chartier, katika mtaa wa Faubourg Montmartre. Ukumbi wake ungalipo, wenye vioo vikubwa ukutani na dari ya juu inayoingiza mwanga. Zimebaki pia droo ndogo zenye namba, ambamo wateja wa kila siku walikuwa wakihifadhi vitambaa vyao vya kufutia mikono, ili mtu akija kesho akikute cha kwake. Mwaka 1989 serikali ya Ufaransa iliuandikisha ukumbi huo miongoni mwa majengo ya kumbukumbu ya taifa. Kwa kawaida, majengo ya kumbukumbu ni makanisa na majumba ya wafalme. Hapa imehifadhiwa droo ya kitambaa cha karani.

Katika ukumbi huo mheshimiwa na asiye mheshimiwa husimama katika foleni moja. Watu wakiwa wengi, utaketishwa meza moja na usiowajua. Mhudumu huandika ulichoagiza juu ya karatasi iliyotandikwa mezani, na ukimaliza hujumlisha papo hapo, mbele ya macho yako. Chakula chenyewe ni cha kawaida: mayai ya kuchemsha yenye mayonezi, kuku wa kuokwa na viazi, nyama ya ng'ombe iliyochemshwa pamoja na karoti. Ni mapishi ya nyumbani yaliyopikwa kwa uangalifu.

Katika karne ya 20 mikahawa hiyo ilipungua mno, ikabaki ya kuhesabika. Hata soko la Les Halles lenyewe lilihamishwa mwaka 1969, likapelekwa Rungis nje ya mji. Wengi walidhani "bouillon" imekwisha kuwa historia. Lakini mwaka 2017 ulifunguliwa mkahawa mpya wa aina hiyo katika mtaa wa Pigalle, na mwaka 2021 mwingine karibu na uwanja wa République, na foleni zikarudi. Kitu chema kilichowafaa mababu hakikosi kuwafaa wajukuu, hasa maisha yanapokuwa ghali.

MKONO WA SHERIA MEZANI

Lingekuwa kosa kudhani kwamba yote haya yametokana na wema wa wenye mikahawa. Sheria nayo imetia mkono wake.

Mwaka 1894 serikali ya Ufaransa ilipiga marufuku wafanyakazi kula ndani ya vyumba wanamofanyia kazi. Sababu ilikuwa afya: viwanda vya siku zile vilijaa vumbi na sumu, na mkate ulioliwa kando ya mashine uliliwa pamoja na sumu hiyo. Katazo hilo limedumu zaidi ya karne moja. Lililegezwa kwa muda mwaka 2021 kwa sababu ya maradhi ya Uviko. Saa ya chakula cha mchana ikawa saa ya kweli, ambayo mtu huinuka, hunawa na kuketi mahali pengine.

Kisha mwaka 1967 zikaanzishwa kisheria hati za chakula. Mwajiri asiyekuwa na jiko kazini aweza kuwapa wafanyakazi wake hati hizo za kulipia chakula mkahawani, na yeye mwenyewe hugharamia kati ya asilimia 50 na 60 ya thamani yake. Kwa njia hiyo mkahawa wa mtaani una wateja wa hakika kila mchana, na mfanyakazi anapata sahani ya moto kwa nusu ya bei.

Kuhusu bei, sheria ni kali. Orodha ya vyakula na bei zake lazima ibandikwe nje, mahali ambapo mpita njia aweza kuisoma kabla ya kuvuka kizingiti. Tangu mwaka 1987 bei iliyoandikwa lazima iwe imekwisha kujumlisha kodi na malipo ya huduma. Bakshishi ni hiari ya mlaji. Na anayekula ana haki ya kupewa mkate na maji ya bomba pasipo kuongezewa bei. Asiyekunywa divai, kwa sababu ya dini au ya mfuko, aagize jagi la maji asione haya. Ni haki yake.

Pamoja na hayo, Ufaransa si peponi. Bei za vyakula zilipopanda, mwaka 2022 iliruhusiwa kwa muda kuzitumia hati zile hata kununulia vyakula vibichi dukani, kama vile mchele na unga. Ruhusa hiyo ni ishara kwamba wako wafanyakazi huko wanaoona ni nafuu kupika nyumbani na kubeba chakula chao. Taabu ya kuufikisha mshahara mwisho wa mwezi haina taifa.

ADABU ZA HUKO

Msomaji ambaye safari itamfikisha Paris na ayajue machache. Ukiingia, salimu kwanza, "Bonjour, Madame" au "Bonjour, Monsieur", kabla ya kusema neno jingine. Anayeanza na shida yake pasipo salamu huhesabiwa hana malezi, jambo ambalo sisi hatuhitaji kufundishwa. Ngoja uonyeshwe pa kukaa. Chakula huja kwa zamu: kitangulizi, kisha sahani kubwa, kisha jibini au kitamu cha mwisho, lakini hulazimiki kuagiza vyote. Uliza chakula cha siku, ambacho mara nyingi ndicho rahisi na ndicho kilichotoka jikoni sasa hivi. Asiyekula nguruwe aulize mapema, kwa kuwa nyama hiyo huingizwa hata katika vyakula usivyovidhania. Na ukimaliza kula, bili haitaletwa mpaka uiombe. Hawajakusahau. Kwao, kumletea mgeni bili kabla hajaiomba ni kama kumfukuza.

NA SISI JE?

Katika nyumba nyingi za mjini, anayekula nje ni baba peke yake. Mchana hula karibu na kazi, jioni hupitia nyama ya kuchoma pamoja na marafiki, na mama hubaki na sufuria zilezile mwaka mzima, asijue ladha ya chakula alichopikiwa na mtu mwingine. Baba akiulizwa, husema: "Sehemu zile si za familia", au, "Kuwatoa wote ni gharama." Pengine asema kweli. Lakini tumeona kwamba mahali pa kula huwa pa familia pale panapowekwa utaratibu: pawe safi, bei ijulikane mlangoni, na mwanamke na mtoto waheshimiwe sawa na mwanamume mwenye noti.

Kwa hiyo, hata kwa mama ntilie wa jirani, tusione haya kuuliza bei kabla ya kuketi. Anayeuliza bei anaiheshimu fedha yake na kazi ya aliyepika. Na wenye mikahawa wetu waandike bei zao kwa herufi zinazosomeka, wasingoje mpaka mtu amemaliza kula ndipo wamtajie.

Na wewe, baba mwenye nyumba, piga hesabu ya sahani unazokula peke yako katika mwezi. Punguza nne. Fedha hiyo iweke kando, na Jumapili moja mkae wote meza moja, mama akiwa ameketi kama wengine na mtu mwingine akimletea sahani. Mwache achague mwenyewe atakachokula. Huenda utagundua kwamba kwa miaka yote hii hukuwahi kumwuliza anapenda nini.