Kasoro ya programu ikizibwa bila jaribio hurudi

WAHENGA walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa waundaji wa programu za kompyuta, kuziba ufa pekee hakutoshi. Sharti awekwe mlinzi wa kuhakikisha kwamba haufunguki tena.

Mlinzi huyo ni majaribio yanayorudiwa kila programu inapofanyiwa marekebisho. Umuhimu wake ulidhihirika Septemba 24, 2014, ulimwengu ulipotangaziwa kasoro iliyopewa jina Shellshock.

Kasoro hiyo, iliyogunduliwa na mtaalamu Stéphane Chazelas, ilikuwa ndani ya Bash, programu inayopokea amri za mtumiaji katika kompyuta za Linux na nyinginezo za jamii ya Unix. Bash ilikuwa na uwezo wa kurithi maelezo ya kazi kutoka kwa programu nyingine. Hata hivyo, ilipomaliza kuyasoma haikukoma, bali ilitekeleza amri yoyote iliyobandikwa nyuma yake. Hivyo basi, mdukuzi aliye mbali aliweza kuziamrisha baadhi ya seva za intaneti apendavyo.

La kushangaza ni kwamba dosari hiyo ilikuwemo tangu 1989. Kwa miaka 25 ilipita mbele ya macho ya wataalamu bila kutambuliwa. Isitoshe, kiraka cha kwanza kilipotolewa, wachunguzi walionyesha siku iyo hiyo kuwa hakikuziba tundu lote. Viraka vingine vilifuata katika siku chache.

Si kwamba Bash haina majaribio. Inayo mengi, na utaratibu wake ni rahisi: faili moja hubeba amri, nyingine hubeba majibu yanayotarajiwa. Toleo jipya likiundwa, amri hutekelezwa na majibu kulinganishwa mstari kwa mstari. Likitofautiana neno, msimamizi hupata habari.

Tatizo ni kwamba jaribio hujibu tu swali ambalo mtu amewahi kulifikiria. Ndiyo maana kila kasoro inayozibwa yafaa kuacha nyuma yake jaribio jipya, ili anayerekebisha programu miaka kumi baadaye asiifufue bila kujua.

Aidha, majaribio yenyewe huhitaji kutunzwa. Jibu lililo sahihi katika kompyuta moja laweza kutofautiana katika nyingine kwa sababu ya lugha au mfumo wake. Tofauti hizo zisipochujwa, kengele za uongo huzidi. Mbwa abwekaye kila mpita njia, mwenyewe huacha kuamka, hata siku mwizi anapofika.

Kazi hii haina sifa wala mapato. Chet Ramey wa Marekani ameisimamia Bash kwa zaidi ya miongo mitatu, kwa sehemu kubwa akijitolea, huku kampuni tajiri zikiitumia bila malipo.

Hapa Kenya, ambako huduma nyingi za serikali zimehamishiwa kwenye mtandao, funzo ni bayana. Maafisa wanaotia saini mikataba ya programu wasiridhike na maonyesho ya siku ya uzinduzi. Waulize majaribio yako wapi, nani atayatunza baada ya mwanakandarasi kuondoka, na fungu lake la fedha limetengwa wapi. Wasipopata majibu, atakayeigundua kasoro iliyorudi ni mwananchi aliyenyimwa huduma, au mdukuzi aliyemtangulia.