Picha za msitu wa Yangambi ziko kwenye intaneti. Nani anazifungua?

Wasikilizaji wengi wa Tshopo wanajua Yangambi kwa ndizi yake, ile Yangambi Km 5, na kwa majengo ya INEAC ambayo leo yako mikononi mwa INERA. Lakini kuna utajiri mwingine ambao hauoni ukipita mtoni na mtumbwi: karatasi.

Kuanzia mwaka 1937 hadi 1958, kila wiki watu waliingia msituni kuangalia miti ileile, zaidi ya 2,000. Huu umetoa maua, huu una matunda, huu umeangusha majani. Wanaweka alama, wanaenda kwenye mti mwingine. Miaka zaidi ya 20, hivyohivyo!

Karatasi hizo zingeliwa na mchwa na unyevu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walizishughulikia, zikapigwa picha, na picha zikawekwa kwenye intaneti katika kazi iliyoitwa Jungle Rhythms. Huko watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali, wengi hawajawahi hata kukanyaga Kongo, walizinakili alama moja baada ya nyingine. Mmoja akikosea si shida, kwa sababu ukurasa mmoja unaonyeshwa kwa watu kadhaa na majibu yao yanalinganishwa.

Faida yake ni gani? Leo pale Yangambi kuna mnara wa CongoFlux, urefu wake mita 55, unaopima hewa ya kaboni inayoingia na kutoka msituni. Mnara unasema habari za leo. Bila zile karatasi, mtafiti anayetaka kujua kama miti imebadilisha majira yake angelazimika kusubiri miaka 20 mingine. Na jambo hili si la wataalamu peke yao. Mama anayeuza mbinzo sokoni anajua kwamba wale wa sapelli wanafuata majani ya mti wao. Majani yakibadilisha wakati, biashara yake nayo inabadilika.

Picha za satelaiti ni kitu kingine. Zinaonyesha shamba jipya limefunguliwa wapi, na siku hizi mtu yeyote anaweza kuziangalia bure. Ila satelaiti inaona shimo katika msitu, haioni kama aliyelikata alitafuta mihogo au makaa ya kuuza Kisangani. Anayetunga sheria ya hifadhi kwa kuangalia picha tu anaweza kumwadhibu mtu ambaye si mwenye kosa.

Tena kuna hatari. Kamera za kutega zimewapiga picha sokwe katika hifadhi ya Yangambi. Habari njema kabisa. Lakini picha ikitolewa pamoja na mahali kamili ilipopigwa, mwindaji naye ana simu. Kwa maoni yetu, mahali pa wanyama wa namna hiyo pafichwe, hata kama data nyingine zote ziko wazi.

Halafu swali lenyewe. Data "ziko wazi kwa wote", sawa. Mwanafunzi wa Yangambi anayenunua mega kidogokidogo atapakua faili kubwa namna gani? Na maelezo yake yako kwa Kiingereza. Herbari ya Yangambi ina mimea iliyokaushwa kama 150,000, kubwa kuliko zote za Afrika ya Kati. Kadiri inavyopigwa picha, mtu wa Ulaya ataiona bila kutoka nyumbani, wakati kijana wa Isangi bado analipa safari.

Dawa ipo, tena si ya bei: nakala kamili ya kila kilichopigwa picha Yangambi, kwenye diski, INERA na Chuo Kikuu cha Kisangani, ifunguliwe bila intaneti, na maelezo kwa Kifaransa, Kilingala na Kiswahili. Hilo liandikwe katika mkataba kabla mtafiti hajafungua kamera yake.