Sala ya Alfajiri na Ndoo ya Kisimani

Wengi wetu tuliozaliwa katika miji ya pwani tumeisikia tangu utotoni kengele ya hekalu la Wahindu ikilia mtaa wa pili, wala hatukuona haja ya kuuliza wanaouitikia mwito ule huishi vipi. Na kwa ujahili huo, likitajwa neno ashramu, yaani makao ya Wahindu wanaoishi pamoja kwa ibada, hutujia sura ya mzee mkonda aliyeipa dunia kisogo, amekaa akingojea kulishwa. Dhana hiyo naiona ni dhulma, na shahidi wangu ni ashramu aliyoiasisi Gandhi, mpigania uhuru wa India, huko Kochrab, karibu na Ahmedabad, mwezi wa Mei 1915, kisha akaihamishia ukingoni mwa mto Sabarmati mwaka 1917.

Pale Sabarmati watu waliamka kiza hakijaondoka, wakaenda kuketi mchangani katika uwanja usio na paa wala sanamu, wakaomba dua na kuimba sifa za Mola. Na jioni walirejea pale pale kusoma beti za mwisho za mlango wa pili wa Gita, kitabu kitukufu cha Wahindu, beti zinazomsifu mtu aliyetulia nafsi. Baina ya sala hizo mbili walisokota uzi wa pamba kwa charkha, gurudumu la kusokotea, wakapika na kusafisha vyoo kwa mikono yao wenyewe, kazi ambayo ada ya India iliwatwika wanyonge peke yao.

Lakini mtihani wenyewe ulikuwa umekwisha kuwafika zamani, wangali Kochrab, ilipopokelewa familia ya Dudabhai, mkewe Danibehn na mtoto wao Lakshmi, watu ambao Wahindu wenzao waliwahesabu kuwa ni najisi. Bwana aliyesimamia maji ya kisima alilalama kwamba matone ya ndoo zao yanamnajisi, akawa anawatukana kila wajapo; Gandhi akawausia wastahimili na waendelee kuteka, hata yule bwana, alipoona hajibiwi, akaingiwa na haya akanyamaza. Matajiri nao wakaikatia ashramu msaada, na Gandhi akaazimia kuwahamishia wafuasi wake wote katika mtaa wa wanaotengwa, mpaka siku moja tajiri mmoja akaja kwa motokaa, akatoa rupia 13,000, akaenda zake. Nathubutu kusema kwamba uzito wa sala zao za alfajiri ulijulikana pale kisimani.

Sisemi kwamba yote yalikuwa mema. Miongoni mwa nadhiri walizoziweka watu wa ashramu, ile ya useja, iliyowafunga hata wenye ndoa zao halali, mimi naiona ilipita kiasi, na wapo waliotaabika kwa ukali wa kanuni zile.

Hata hivyo, pana jambo moja linalonistaajabisha. Kiwanja cha Sabarmati kilikuwa karibu na jela, na Gandhi alikipendelea kwa hilo hasa, maana alijua kwamba njia waliyoishika yeye na wenzake, ya kuupinga utawala wa Waingereza bila silaha, mwisho wake ni kifungoni. Tarehe 12 Machi 1930 alitoka pale kwa miguu na wafuasi 78 kwenda Dandi kuchukua chumvi ya bahari kinyume cha sheria ya Waingereza. Mwezi wa Mei akakamatwa, akatiwa katika jela ya Yerwada. Huko, kila Jumanne baada ya sala ya alfajiri, aliwaandikia watu wa ashramu barua juu ya nadhiri zao, na mahali alipoziandikia hakupaita jela, alipaita Yerwada Mandir, yaani hekalu la Yerwada.