Kidole gumba kabla ya sindano

Umewahi kumwona bwana mifugo akimchoma ng'ombe sindano? Kwanza humpiga makofi mawili matatu mahali pale pale. Ng'ombe hashtuki sana.

Mtu mzima naye ana dawa kama hiyo. Mwombe nesi abonyeze mahali pa sindano kwa kidole gumba. Ahesabu 1 hadi 10, kisha asafishe na kuchoma. Ubongo ukishughulika na kubonyezwa, maumivu husikika kidogo. Si kwa wote, lakini haina gharama.

Mtoto mchanga ni mbali. Usimbonyeze, usimsugue. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri mama ampakate mtoto na kumnyonyesha wakati wa chanjo. Ziwa la mama humtuliza.

Mama wa Ujiji, nawe wa vijiji vya kando ya ziwa, kilio kisikurudishe nyuma. Chanjo ya pajani ni wiki ya 6, 10 na 14. Huzuia kifaduro, dondakoo na pepopunda. Sindano moja haitoshi. Nenda zote tatu, na kadi usiiache nyumbani.