Umepoteza kazi ya utafiti? Piga hesabu hii kabla ya kujiita mshauri

Januari 20, 2025, siku aliyoapishwa, Rais wa Marekani Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Kufikia Julai 1 mwaka huo, USAID ilikuwa imefungwa rasmi. Kwa vijana waliokuwa wakilipwa na miradi ya afya, hiyo haikuwa habari ya Washington. Ilikuwa habari ya kodi ya nyumba mwisho wa mwezi.

Labda wewe ni mmoja wao. Ulikuwa mratibu wa utafiti, muuguzi wa utafiti, karani wa data au mtu wa maabara. Umetuma maombi ya kazi hadi umechoka. Na kila unayemweleza anakupa jibu moja: "Si ufungue biashara yako? Kuwa mshauri, ujilipe mwenyewe."

Wazo hilo si baya, ila halijakamilika. Sehemu ambayo hakuna anayekuambia ndiyo itakayokutoboa mfuko.

Kilichobadilika

Kwa miaka mingi, utafiti wa afya Kenya umeegemea sana ruzuku kutoka nje. Mfadhili akitoa pesa za miaka 5, mradi unaajiri. Pesa zikiisha, mradi unafunga nawe unahamia kwa jirani. Ndiyo maana watu wa sekta hii hawakuwa wakitetemeka sana mkataba ukikaribia kwisha. Kulikuwa na mradi mwingine ng'ambo ya barabara.

Mwaka 2025, milango kadhaa ilifungwa kwa pamoja. Mei, Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani (NIH) zilitangaza kusitisha ruzuku mpya za aina ambayo taasisi ya Marekani humega sehemu ya pesa na kuipa taasisi ya nje, hadi mfumo mpya wa kuzifuatilia uwe tayari. Kisha Desemba 4, Kenya na Marekani zilitia saini makubaliano ya afya ya miaka 5. Marekani iliahidi hadi dola bilioni 1.6, nayo Kenya ikaahidi kuongeza matumizi yake ya afya kwa dola milioni 850. Pesa zenyewe zinalenga kupitia mifumo ya serikali badala ya mashirika yasiyo ya kiserikali. Siku chache baadaye, Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda sehemu inayohusu kutoa data za afya za Wakenya.

Kwako wewe hayo yana maana mbili. Ya kwanza inauma: mishahara ya mashirika haitarudi jinsi ilivyokuwa. Ya pili ina matumaini: masuala ya idhini, ridhaa na ulinzi wa data, ambayo wewe ulikuwa ukiyashughulikia kimyakimya kituoni, sasa yamefika mahakamani. Anayeyaelewa ana kitu cha kuuza.

Tena utafiti wenyewe haujafa. Chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliidhinisha itumiwe kwa watoto Oktoba 2021, ilijaribiwa katika vituo vikiwemo vya Kilifi, Siaya na Kombewa. R21, iliyofuata Oktoba 2023, nayo ilipitia Kilifi. Kampuni za dawa zina pesa zao, na bado zinahitaji vituo vyenye watu wanaojua kazi. Kinachopungua ni ajira ya kudumu. Vipande vya kazi vipo.

Uza kazi, usiuze cheo

Kosa la kwanza ni kuandika kwenye wasifu wako "Mshauri wa Utafiti" kisha ukae ukisubiri simu. Hakuna anayenunua mshauri. Watu hununua tatizo liondoke.

Chukulia mtafiti anayetaka kujaribu dawa nchini. Anahitaji idhini ya kamati ya maadili iliyotambuliwa na NACOSTI, leseni ya NACOSTI yenyewe, na idhini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Anahitaji bima ya washiriki, na jaribio lenyewe lisajiliwe, kwa mfano katika sajili ya majaribio ya Afrika, PACTR. Anahitaji pia kutii Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Fomu moja ikikosewa, faili inarudishwa, na kila wiki inayopotea ni mishahara inayolipwa bure. Kama umewahi kuandaa faili kama hiyo mara tano, hiyo ni biashara.

Au chukulia fomu ya ridhaa. Imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, kisha inatakiwa kwa Kiswahili, Kidholuo au Kigiriama, halafu itafsiriwe tena kwa Kiingereza na mtu mwingine ili kuhakikisha maana haikupotea. Ni wangapi wanaojua lugha hizo na wakati huohuo wanajua maana ya kugawa washiriki kwa bahati nasibu? Mama wa Ganze akielezwa vibaya, anaweza kudhani mtoto wake anapewa tiba iliyothibitishwa, kumbe ni jaribio. Anayeweza kuliweka jambo hilo sawa ana kazi.

Kuna pia kujenga hifadhidata kwenye programu kama REDCap, kukagua kama rekodi za kituo zinalingana na faili za wagonjwa, kuandaa kituo kabla wakaguzi hawajafika, na kufundisha wafanyakazi kanuni za kimataifa za majaribio, zinazojulikana kama GCP. Mwongozo wake mpya, E6(R3), ulikamilishwa Januari 2025, na si vituo vyote vimeshauzoea.

Chagua kimoja ambacho umekifanya kwa mikono yako. Kama hujawahi kufanya hata kimoja, yaani umetoka chuoni juzi, usijidanganye. Hujawa mshauri bado. Soma GCP bila malipo kwenye mtandao wa The Global Health Network, tafuta nafasi ya kujifunza kituoni, hata ya muda mfupi, kisha urudi kwa mada hii baada ya miaka kadhaa.

Hesabu ambayo wengi hukosea

Tuseme ulikuwa ukilipwa Sh120,000 kwa mwezi. Mteja anakuuliza bei ya siku. Unagawanya kwa siku 22 za kazi, unapata kama Sh5,500, unamtajia. Anakubali haraka, nawe unafurahi. Sasa ngoja.

Mwaka una siku 260 hivi za kazi. Toa sikukuu, siku za kuugua, siku za kuandika mapendekezo ambayo hayatajibiwa, na siku za kufuatilia malipo. Ukibaki na siku 120 za kulipwa katika mwaka wa kwanza, shukuru. Mara Sh5,500, hiyo ni Sh660,000 kwa mwaka, sawa na Sh55,000 kwa mwezi. Umejikata mshahara kwa zaidi ya nusu, na umejikata mwenyewe.

Geuza hesabu. Ili upate Sh1,440,000 ulizokuwa ukipata kwa mwaka, gawanya kwa siku 120. Ni Sh12,000 kwa siku. Lakini sasa kompyuta ni yako, intaneti ni yako, SHA na akiba ya uzeeni ni zako. Ongeza theluthi moja. Unafika Sh16,000. Hiyo ndiyo bei inayokurudisha pale ulipokuwa. Bado hujapata faida.

Ukiona aibu kuitaja, punguza siku badala ya kupunguza bei. Kazi ya siku nne kwa bei halali inakuachia muda wa kutafuta mteja wa pili. Kazi ya siku kumi kwa bei ya kutupa inakuchosha na kukuzoesha kudharauliwa.

Mteja au mwajiri?

Jambo linalofaa kututia wasiwasi kama vijana ni hili: baadhi ya waajiri wameligeuza neno "mshauri" kuwa njia ya kukwepa majukumu. Wanakupa mkataba wa ushauri wa miezi mitatu, lakini unaingia saa mbili asubuhi, unatoka saa kumi na moja, unaomba ruhusa ukitaka kwenda kliniki, na huruhusiwi kuchukua kazi nyingine.

Hapo wewe ni mfanyakazi aliyepokonywa haki. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka, na miezi mitatu ya likizo ya uzazi. Mshauri hana hata moja. Mkiingia kwenye mzozo, mahakama hutazama uhusiano wenyewe ulivyokuwa, si jina lililoandikwa juu ya karatasi. Lakini kesi ni ghali, na wewe unatafuta kodi ya nyumba. Bora uulize mapema: nani anapanga saa zangu? Ninaweza kuwa na wateja wengine? Majibu yakiwa "sisi" na "hapana", dai masharti ya mfanyakazi, au dai bei inayofidia yote unayoyakosa.

Andika kabla ya kuanza

Waliofanya kazi na pesa za USAID walijifunza somo moja kwa machungu: unaweza kumaliza kazi na usilipwe. Mashirika yenye mawakili wakubwa yalilazimika kwenda mahakamani Marekani kudai takriban dola bilioni 2 za kazi iliyokwisha kufanywa. Ilifika hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, ambayo Machi 5, 2025, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilikataa kusimamisha agizo la kuyalipa. Kama wao walihangaika hivyo, wewe na mkataba wako wa WhatsApp mtafika wapi?

Weka mambo manne kwenye karatasi. Kazi yenyewe ni ipi na inaishia wapi. Malipo ya kwanza kabla hujaanza, na mengine kwa hatua. Mfadhili akijitoa, utalipwa kwa kila siku uliyofanya hadi siku ya barua. Na nani anagharimia nauli na malazi, maana safari ya kituo cha Homa Bay inaweza kumeza faida yote.

Kisha kodi. Mteja wa humu nchini akikulipa ada ya ushauri, kwa kawaida hukata asilimia 5 na kuipeleka KRA. Huo si mwisho wa deni lako, ni sehemu tu, kwa hivyo weka cheti chake na uwasilishe ritani kabla ya Juni 30. Usidhani utalipa ile asilimia 3 ya mauzo ya wafanyabiashara wadogo, kwa sababu ada za kitaalamu hazimo humo. Ankara yako ipitie eTIMS, la sivyo mteja hawezi kuihesabu kama gharama yake, na mhasibu wake atakurudishia. Mteja wa ng'ambo huenda asikukate chochote, lakini KRA bado inakudai.

Jina lako ndilo duka lako

Mshahara ulikuwa na ulinzi mmoja ambao hatuutaji sana. Ukikuta kasoro kituoni, ulimwambia bosi, na bosi akabeba mzigo. Sasa anayekulipa ndiye pia unayemkagua.

Siku itafika utakuta fomu za ridhaa zilizotiwa saini tarehe ambayo mshiriki hakuwepo, au vipimo vya shinikizo la damu vinavyofanana mno. Mteja atakwambia, "Rekebisha tu, tuna haraka." Mwezi huo labda hujalipa kodi, na hakuna mteja mwingine. Azimio la Helsinki, lililoandikwa 1964 na kurekebishwa mara ya mwisho Oktoba 2024, linasema maslahi ya mshiriki huja kabla ya maslahi ya sayansi. Ni rahisi kulikubali ukiwa na mshahara. Ukiwa na ankara moja tu ya kutegemea, unahitaji kitu cha kukushika mkono.

Kwa hivyo akiba ya miezi mitatu hadi sita si ushauri wa benki tu. Ndiyo inayokuwezesha kusema "hapana, hii siandiki" na bado ule kesho. Bila hiyo, ni afadhali utafute ajira ya nusu siku, hata nje ya utafiti, huku ukijenga wateja polepole. Hakuna aibu hapo.

Sekta hii Kenya ni ndogo. Wanaokaa kwenye kamati za maadili wanajuana, na wakaguzi wanaotumwa na kampuni za dawa hukumbuka majina. Mshauri aliyekubali kufunika kasoro mara moja hupata kazi ya pili kutoka kwa mtu wa aina ileile. Aliyekataa anaweza kulala njaa wiki mbili, lakini mwenye kazi halali akiuliza nani anaaminika, ni jina lake litakalotajwa.

Leo jioni, kabla ya kubadilisha chochote kwenye wasifu wako, chukua karatasi. Andika kazi moja unayoweza kuikamilisha bila kusimamiwa, watu watatu walioona ukiifanya, na bei yako halisi ya siku. Ukijaza zote tatu, wapigie simu hao watu watatu kesho asubuhi. Ukikwama kwenye mojawapo, hiyo ndiyo ya kushughulikia kwanza.