Taa Inayodanganya Irekebishwe

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Wanafunzi wenzangu, leo nawaonyesha ufa mdogo kabisa: ile taa ya waifai kwenye laptopu.

Dukani kwa mjomba wangu, fundi wa kompyuta hapa Bondeni, nimeona laptopu ambazo taa huwaka waifai ikiwa imezimwa, na waifai ikiwashwa taa inazimika. Mwenye laptopu huwa ameshakata kauli: “Kadi imekufa, niwekee nyingine.” Jamani, kadi ni nzima! Iliyokosea ni programu.

Hebu nieleze. Taa haijiwashi yenyewe. Imeunganishwa na mguu mmoja wa chipu, na programu inayoendesha kadi, yaani kiendeshi, ndiyo huamuru mguu huo upewe umeme au unyimwe. Katika kadi nyingine taa huwaka mguu ukipewa umeme, katika nyingine huwaka ukinyimwa. Kiendeshi kikikisia vibaya, mambo yote huwa kinyume. Katika Linux, chipu nyingi za Atheros huendeshwa na ath9k, kiendeshi kilichoingizwa mwaka wa 2008. Kina mahali panapoitwa led_active_high pa kukiambia upande ulio sahihi: unaandika 1 au 0, basi. Hakuna skrubu inayofunguliwa wala kadi inayonunuliwa.

Najua kuna watakaosema, “Ah, si ni taa tu! Intaneti si inafanya kazi?” La hasha! Taa ni shahidi. Mtumiaji hasomi yaliyoandikwa ndani ya programu, husoma taa. Shahidi akisema uongo, mzazi atapoteza pesa za karo akinunua kadi asiyoihitaji, na mwanafunzi atafunga laptopu akidhani mtandao umepotea.

Maoni yangu ni kwamba kosa kama hili ni shule kwetu. Linux ilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland, akiwa na umri wa miaka 21. Maandishi yake yako wazi: yeyote aweza kuyasoma, kuyasahihisha na kuyatuma marekebisho yake. Programu iliyofungwa ni lazima umngoje mwenyewe. Uwazi huo huo ndio uliowezesha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Je, wapenzi wa Kiswahili, hili si letu?

Kwa hivyo naomba chama chetu kishirikiane na mwalimu wa kompyuta. Kila muhula tuchague kosa moja dogo, tulitafutie dawa, kisha tuandike maelezo kwa Kiswahili sanifu na kuyabandika ukutani katika chumba cha kompyuta. Haba na haba hujaza kibaba. Tukianza na taa, kesho tutarekebisha makubwa zaidi.