Waandishi, Mfuateni Mjuzi Alipo

Mwaka 2023 bei ya alizeti iliporomoka, na mkulima wa Ikungi, Iramba na Mkalama, mkoani kwetu Singida, akabaki na magunia ndani asijue auze au angoje. Hapo ndipo alipoihitaji redio na gazeti kuliko siku nyingine zote. Naye, kama ilivyo desturi yetu, alipewa kauli ya kiongozi, kilio cha mkulima mwenzake, kisha maneno ya mchambuzi wa Dar es Salaam aliyepigiwa simu kwa kuwa namba yake ilikuwapo tayari. Mchambuzi wa namna hiyo leo hueleza vita vya Ukraine, kesho mgomo wa Kariakoo, keshokutwa alizeti ya Singida.

Ndugu zangu waandishi, msomi si mjuzi wa kila jambo. Mtu ni mjuzi wa lile alilolifanyia kazi au kulichunguza. Nje ya hapo ni raia kama sisi. Ukimbebesha ujuzi asio nao unamdhulumu yeye, na unamdhulumu zaidi msikilizaji anayepanga shamba lake kwa neno hilo.

Itazameni hiyohiyo alizeti. Nchi yetu huagiza sehemu kubwa ya mafuta ya kula, hasa ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Ushuru wa forodha ukipunguzwa, mafuta hayo huingia kwa bei ndogo, na mkamuaji wa Singida naye hupunguza anachompa mkulima. Kwa hilo mtafuteni mchumi wa biashara na kodi. Lakini mkitaka kujua kwa nini ekari hutoa kidogo, mchumi huyo hatawafaa kitu. Waulizeni watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kituo cha Ilonga, kule Kilosa, wanaoshughulikia zao hili. Hao ndio watakaoeleza kwa nini mbegu chotara ikivunwa na kupandwa tena haizai kama mara ya kwanza. Alizeti huchavushwa na nyuki, na nyuki wana wenyewe, wafugaji wa Manyoni na Itigi; waulizeni nao. Mvua iulizeni Mamlaka ya Hali ya Hewa, maana mkoa wetu una msimu mmoja tu, na ukikosa umekosa mwaka.

Wala mjuzi si lazima awe na shahada. Kuku wa kienyeji wa Singida husafirishwa hadi Dar es Salaam, na adui yao mkubwa ni ugonjwa wa kideri. Daktari wa mifugo ataeleza chanjo ya tone la jicho inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ila mama aliyelea kuku miaka ishirini ndiye ajuaye kwa nini jirani zake hawakuchanja: labda chupa moja huchanja kuku wengi na kila jirani ana sita tu, na hakuna aliyewaunganisha wanakijiji wainunue pamoja. Ujuzi huo hauandikwi popote asipoulizwa. Uchunguzi wa dunia nzima wa mwaka 2020 kuhusu vyombo vya habari ulionyesha kuwa katika kila wataalamu 100 wanaonukuliwa, wanawake ni 24 tu. Hiyo ni aibu, na mkoani kwetu haina udhuru, kwani shambani na bandani wamejaa.

Mkishampata mjuzi, mpimeni. Muulizeni: umejuaje? Nani anakulipa? Nani aliyesoma jambo hili akakupinga, nami nimpate wapi? Swali la tatu ndilo ninalolipenda, kwa kuwa mjuzi wa kweli hulijibu bila kinyongo na kukupa chanzo cha pili palepale. Mwenye kinu anajua kukamua, lakini yeye ndiye mnunuzi wa alizeti. Wakala wa mbegu anajua mbegu, lakini anaiuza. Msiwaache. Waandikeni, na maslahi yao myaandike katika sentensi hiyohiyo.

Tena msingoje janga. Chuo Kikuu cha Sokoine kina tasnifu zilizochunguza vijiji vya mkoa huu, na kila aliyetunga mojawapo ana jina na simu. Daftari lenu lipangeni kwa mambo: mbegu, kodi, kideri, maji. Likipangwa kwa vyeo litawarudisha kwa wakubwa walewale.

Nanyi wataalamu wa halmashauri, mwandishi akifika msimfukuze kwa neno la "mimi si msemaji". Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inawapa wenye taarifa siku 30 kujibu ombi. Kuku wa kideri hawangoji siku hizo. Wakurugenzi, wapeni ruhusa maofisa mifugo na kilimo waeleze mambo ya taaluma yao siku hiyohiyo wanapoulizwa. Na mhariri anayetaka habari ya alizeti kutoka Ikungi, ampe mwandishi wake nauli ya kufika Ikungi.